MJERUMANI ALIYESHIKA UFUNGUO WA BENKI



Ukitaja neno "Mjerumani" huku kwetu Diani, kila mtu ana picha yake. Mwingine humwona mgeni aliyejilaza ufuoni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mwingine humkumbuka mzee mwenye nyumba ya makuti karibu na bahari. Wako na vijana wa ufuoni ambao hawajawahi kupanda ndege, lakini Kijerumani wanakimwaga kama maji. Leo nataka kuwaelezea Mjerumani wa aina nyingine. Huyu hakuja Afrika kuota jua. Alikuja kuhesabu pesa, na pesa zenyewe zilikuwa zetu Waafrika. Jina lake ni Erwin Blumenthal, na kazi yake ilikuwa ya benki.

Najua wapo watakaoguna: "Aa, mambo ya benki yanatuhusu nini sisi wa Chama cha Kiswahili?" Nina majibu mawili. Kwanza, wengi wetu tukiulizwa tunataka kuwa nani baadaye, tunajibu haraka, "Nitafanya kazi benki." Tunachofikiria ni tai shingoni na kiyoyozi, basi. Pili, mwaka huu mlinichagua kuwa mweka hazina wa chama, na tangu siku hiyo swali ninaloulizwa kila nipitapo ni lile lile: "Vipi, pesa zetu ziko?" Mnauliza kwa utani, lakini ni swali la maana sana. Maisha ya Blumenthal yanalijibu vizuri kuliko niwezavyo mimi.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Kabla hatujamfuata mtu huyu, tuelewane kwanza benki kuu ni kitu gani. Nitatumia mfano wa Msambweni.

Bibi yangu huuza mahamri na viazi vya karai pale Msambweni, na yumo katika kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Kila Alhamisi hukutana, kila mmoja hutoa shilingi 100, na fedha hutiwa katika sanduku la bati. Sanduku hilo lina kufuli tatu. Funguo zake wanazo akina mama watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Anayetaka mkopo huomba mbele ya wote. Riba hakuna, ila ukichelewa kurudisha unalipa faini.

Utaratibu huo haukuanza hivi hivi. Kikundi cha kwanza alichokuwamo bibi kilikuwa pia na kufuli tatu, lakini funguo zote ziliishia nyumba moja, kwa kiongozi mmoja, kwa sababu ya heshima. Nani angemwambia mtu mzima, "Mama, tupe ufunguo"? Mwaka ulipokwisha na siku ya kugawana ikafika, sanduku lilifunguliwa likakutwa na karatasi nyingi za madeni na noti chache. Mwaka huo shangazi yangu mdogo alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Bibi akiisimulia habari hiyo hatukani mtu. Husema tu, "Kufuli zilikuwa tatu, mkono ulikuwa mmoja."

Sasa panua mfano huo uwe wa nchi nzima. Benki kuu ndilo sanduku la taifa. Ndiyo inayotoa noti na sarafu. Ndiyo inayotunza fedha za serikali. Benki nyingine zote, hizi tunazoziona Ukunda na Kwale mjini, zina akaunti zao huko. Tena ndiyo inayoweka akiba ya fedha za kigeni. Hii ya mwisho ishike sana, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Mgeni anapokuja Diani na fedha yake na kuibadilisha kuwa shilingi, fedha ile ya kigeni inaingia katika mabenki ya nchi yetu. Hiyo ndiyo hutumika kununua mafuta ya gari, dawa za hospitali na mbolea kutoka nje, kwani mwenye meli ya mafuta hataki shilingi. Lakini kama mgeni huyo amelipia chumba chake huko huko kwao, na malipo yakabaki huko, basi ametulalia kitanda na fedha yake haikufika.

Kwa hiyo mwenye kushika ufunguo wa benki kuu ana neno moja ambalo lazima alijue kulitamka, nalo ni "hapana". Hapana kwa mwenye duka, hapana kwa waziri, na ikibidi, hapana kwa rais.

UJERUMANI ILIYOUNGUZWA NA PESA

Kwa nini Mjerumani? Kwa sababu Wajerumani waliwahi kuunguzwa na pesa zao wenyewe, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali yao ilichapisha noti bila kipimo. Kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Hebu jaribu kuiandika tarakimu hiyo daftarini uone sufuri zake! Mtu aliyeweka akiba miaka thelathini alijikuta hawezi kununua hata mkate.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945 hali ilirudi karibu pale pale. Miji ilikuwa magofu, marki haikuthaminiwa, na watu wakawa wanauziana vitu kwa sigara. Naam, sigara ndiyo ikawa fedha! Ndipo tarehe 20 Juni 1948, katika sehemu ya magharibi, ikatolewa fedha mpya, marki ya Kijerumani ambayo wazee wetu wa hoteli za Diani waliizoea mpaka ilipobadilishwa na yuro mwaka 2002. Siku hiyo ya kwanza kila mtu, tajiri na maskini, alipewa marki 40, na baadaye akaongezewa 20. Maduka yaliyokuwa matupu jana yake yakajaa bidhaa, kwani wenye mali walikuwa wameificha wakingoja pesa ya kuaminika.

Mwaka 1957 ikaundwa benki kuu iitwayo Bundesbank, makao yake Frankfurt. Sheria iliipa kazi ya kulinda thamani ya fedha, na ikasema haitapokea amri kutoka kwa serikali. Waziri angeweza kulalamika, angeweza kupiga meza, lakini hakuweza kuamrisha noti zichapishwe. Watu wa Bundesbank wakajulikana duniani kote kwa ugumu wao. Kumwomba mkopo mtu wa Bundesbank ilikuwa kama kumwomba mnazi ukupe maembe.

Huko ndiko alikofanya kazi Erwin Blumenthal. Alikuwa afisa wa ngazi ya juu, upande wa mambo ya nchi za nje.

ANAKUJA DAR ES SALAAM

Ukimwuliza mzee yeyote wa Kwale aliyezaliwa kabla ya uhuru, atakwambia kuhusu senti ya tundu, sarafu iliyotobolewa katikati ambayo ungeweza kuitunga uzi kama ushanga. Sarafu hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Toka mwaka 1919 palikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa fedha moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na toka 1936 Zanzibar pia. Mtu wa Vanga aliweza kuvuka hadi Tanga na kununua samaki kwa pesa ile ile aliyotoka nayo nyumbani.

Lakini bodi hiyo haikuwa benki kuu. Ofisi yake ilikuwa London mpaka ilipohamishiwa Nairobi mwaka 1960. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza, na kazi ya bodi ilikuwa hasa ya kubadilisha: leta pauni upewe shilingi, leta shilingi upewe pauni. Akiba yenyewe iliwekwa Uingereza. Yaani sanduku lilikuwa letu, kufuli zilikuwa zao.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, serikali yake ilitaka kujua ifanye nini na fedha hii. Ikamwita Blumenthal achunguze. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1963. Ndani yake alipendekeza mfumo wa ngazi mbili: juu pawe na benki kuu moja ya Afrika Mashariki, na chini yake kila nchi iwe na benki yake. Wakati huo wazo hilo lilielekea kuwezekana, kwa sababu mnamo Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho moja la Afrika Mashariki.

Shirikisho halikuja. Kila nchi ilikuwa na mipango yake ya maendeleo na kila moja ilitaka kushika ufunguo wake. Mnamo Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake na fedha yake. Shilingi ya Tanzania ilitoka Juni 1966, ya Uganda Agosti, na Benki Kuu ya Kenya ikafunguliwa rasmi tarehe 14 Septemba 1966. Gavana wetu wa kwanza alikuwa mgeni, Leon Baranski wa kutoka Poland, na mwaka uliofuata Duncan Ndegwa akawa Mkenya wa kwanza kushika kiti hicho. Tanzania ilianza na Edwin Mtei, na Uganda na Joseph Mubiru.

Hivyo ushauri mkubwa wa Blumenthal haukufuatwa. Yeye alirudi Ujerumani, akaendelea na kazi yake hadi akastaafu. Kama habari ingeishia hapo, nisingemwandikia makala. Jina lake lilijulikana kwa safari nyingine, aliyoifanya akiwa mzee.

MWAKA MMOJA WA KINSHASA

Mwaka 1978 nchi ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa taabani. Si kwamba ilikuwa maskini. Ilikuwa na shaba, kobalti, almasi, misitu na mto wenye nguvu za umeme wa kutosha nchi nyingi. Mobutu Sese Seko alikuwa ameitawala tangu Novemba 1965. Mwaka 1967 alipotoa fedha mpya iliyoitwa zaire, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani! Nchi ikakopa kwa wingi, na wakopeshaji wakatoa kwa raha, maana shaba ilikuwa na bei.

Mwaka 1973 Mobutu aliamuru biashara na mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazaire. Mengi yaliangukia mikononi mwa wakubwa, ambao waliuza vilivyokuwamo dukani na kufunga mlango. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianza kuanguka. Kufikia 1975 nchi ilishindwa kulipa madeni yake. Wakopeshaji wakasema: tutaendelea kuwasaidia, lakini lazima mtu wetu akae ndani ya benki kuu yenu. Shirika la Fedha Duniani, hili tunalolisikia redioni kwa jina la IMF, likamleta mzee Blumenthal. Agosti 1978 akaanza kazi Kinshasa, akiwa na mamlaka juu ya fedha za kigeni.

Hapo ndipo alipoanza kutamka lile neno lake. Kabla mwaka huo haujaisha, alizifungia kampuni zipatazo 50 zisipewe mikopo wala fedha za kigeni mpaka zilipe madeni na zirudishe nchini mapato ya bidhaa walizouza nje. Kampuni hizo hazikuwa za wachuuzi wa sokoni. Zilikuwa za jamaa na marafiki wa rais.

Akafuatilia na upande wa pili, yaani mapato ya shaba. Ukikumbuka mfano wa mgeni anayelipia chumba kwao, utaelewa alichokiona: fedha za madini zilizotakiwa kuingia benki kuu zilikuwa zikichepushwa na kuingia akaunti za Ulaya kabla hazijafika Kinshasa. Ikulu nayo ilichota kutoka benki kuu itakavyo, na hapakuwa na mpaka kati ya matumizi ya serikali na matumizi ya mtu binafsi. Gavana wa benki alikuwapo, wakaguzi walikuwapo, vitabu vilikuwapo. Kufuli zilikuwa nyingi, mkono ulikuwa mmoja.

Hatari nayo haikukosekana. Blumenthal mwenyewe ameeleza kwamba jioni moja, Januari 1979, askari wa jenerali mmoja walimjia ofisini na bunduki wakidai fedha za kigeni kwa ajili ya mkubwa wao. Fikiria, msomaji! Mzee aliyestaafu, nchi ya ugenini, jioni, kalamu mkononi na bunduki mbele yake. Hiyo ndiyo kazi ya benki ambayo hatuioni tunapofikiria tai na kiyoyozi.

Kila alipoziba tundu moja, mawili yalifunguka. Julai 1979, baada ya karibu mwaka mmoja tu, aliondoka Zaire.

RIPOTI ILIYOSOMWA NA KUACHWA

Angeweza kunyamaza ale pensheni yake. Badala yake, mnamo Aprili 1982 aliandika ripoti kuhusu Zaire na uaminifu wake katika mikopo. Aliyataja mambo kwa majina, akaunti kwa akaunti. Hitimisho lake lilikuwa wazi: ulaji rushwa umekuwa ndio mfumo wenyewe wa utawala, watawala wa Zaire wataahidi tena na tena, na waliowakopesha wasitarajie kuziona fedha zao karibuni. Ripoti ilikuwa ya siri, lakini mwaka huo huo ilivuja, ikasomwa na wengi.

Sasa wewe ungekuwa mkopeshaji ungefanyaje? Muuza duka wa Ukunda akishaambiwa kwamba fulani halipi, humfutia daftari la kukopa siku hiyo hiyo. Wakubwa wa dunia hawakufanya hivyo. Desemba 1983 IMF ilikubali mkopo mpya mkubwa, na mingine ikafuata. Sababu inajulikana. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na Mobutu alikuwa upande wa Marekani na nchi za Magharibi. Walijua anakula, lakini walimtaka abaki mezani.

Aliyelipa ni mwananchi. Hebu fuata zaire ile iliyozaliwa ikiwa dola 2. Serikali iliendelea kuchapisha noti, na mwanzoni mwa 1993 ikatoa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa. Askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo walipoona hawawezi kununulia chochote, walifanya ghasia mjini Kinshasa, watu wengi wakafa. Oktoba mwaka huo ikatolewa zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire za zamani milioni 3. Mobutu alipoangushwa Mei 1997, nchi ilibaki na deni la mabilioni ya dola. Mwaka 2010 wakopeshaji walikubali kuifutia Kongo takriban dola bilioni 12.3. Mtoto aliyezaliwa Bukavu au Kisangani katika miaka hiyo alizaliwa akiwa mdaiwa wa fedha ambazo hata mzazi wake hakuziona.

NASI TUSICHEKE

Wakenya tusicheke tukidhani hayo ni ya Kongo tu. Nyani haoni kundule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palitokea kashfa ya Goldenberg. Kampuni moja ililipwa fedha za umma kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali madini hayo kwetu ni kama hayapo. Fedha zilipitia katika Benki Kuu yenyewe. Shilingi ikaporomoka, bei zikapanda, na wazazi wetu wanaukumbuka mwaka 1993 kwa jinsi unga na sukari vilivyopaa.

Yule aliyesaidia mambo hayo kujulikana hakuwa gavana wala mtaalamu wa kigeni. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Aliona karatasi zikipita mezani pake, akaona mahesabu hayakubaliani na akili, akazitoa nakala kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akafutwa kazi, akakimbilia huku kwetu pwani, Mombasa, akaanza maisha upya. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki akiwa maskini.

Nimewaweka watu hawa wawili pamoja kwa makusudi. Blumenthal alisema ukweli akiwa na pensheni yake na nchi tajiri ya kurudia. Munyakei alisema ukweli bila hata mshahara wa mwezi uliofuata. Kusema "hapana" kuna bei, na bei hiyo hailingani kwa watu wote. Anayetuambia "mwe waaminifu" halafu akaishia hapo hajatuambia bei. Ndiyo sababu haifai kumtegemea shujaa mmoja. Lazima sanduku lenyewe litengenezwe kwa namna ambayo mtu wa kawaida, mwenye woga wa kawaida na watoto wa kulisha, anaweza kusema "hapana" na bado akapata chakula cha jioni.

Kidogo kidogo tumejifunza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 231, inasema Benki Kuu ya Kenya haitaamrishwa na mtu yeyote wala mamlaka yoyote katika kutekeleza kazi zake. Ni maneno mazuri, karibu yale yale waliyoandika Wajerumani mwaka 1957. Lakini maneno ni kufuli tu. Mkono ndio wa kuangaliwa.

FEDHA MOJA TENA?

Mtu wa Kwale ana sababu ya pekee ya kuyajua haya. Nenda Lunga Lunga, pale mpakani, uwaone wabadilisha fedha wakisimama na mabunda mawili, shilingi ya Kenya mkono huu na ya Tanzania mkono huu. Mama anayeleta vitunguu kutoka ng'ambo hupoteza kidogo kila anapobadilisha, akienda na akirudi.

Sasa lile wazo la mwaka 1963 limefufuka. Novemba 2013 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi mkataba wa kuwa na fedha moja. Lengo lilikuwa mwaka 2024, halikutimia, na sasa unatajwa mwaka 2031. Tena mwaka 2022 Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya. Nchi mbili ambazo Blumenthal alizifanyia kazi, Tanganyika iliyokuwa na Zaire iliyokuwa, ziko pamoja nasi katika nyumba moja. Fedha moja itampunguzia hasara mama wa vitunguu. Lakini fedha moja maana yake ni sanduku moja, na sisi tulio madarasani leo ndio tutakaokuwa tumeajiriwa, tunapiga kura na kulipa kodi siku litakapofungwa kufuli. Swali la akina mama wa Msambweni litakuwa letu: funguo ngapi, na katika nyumba zipi?

TUANZIE HAPA HAPA

Chama chetu hakina shaba wala almasi. Tuna michango ya wanachama, pesa za kuuza jarida hili, na akiba ya safari ya mwisho wa mwaka. Hata hivyo asiyeweza kutunza ndururu hatatunza milioni. Kwa hiyo, kwa idhini ya mwalimu mlezi, nitaleta mapendekezo matatu katika mkutano mkuu.

Kwanza, fedha zisitolewe kwa sahihi ya mweka hazina peke yake. Ziwe sahihi tatu: yangu, ya katibu, na ya mwanachama mmoja asiye kiongozi, tena awe wa kidato kingine.

Pili, daftari la mapato na matumizi lisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wanachama wote, wa Kidato cha Kwanza wakiwamo, na yeyote aruhusiwe kulishika na kulikagua.

Tatu, mwanachama atakayeuliza swali kuhusu pesa asizomewe wala asiitwe mchochezi. Tumezoea kumheshimu kiongozi kwa kutomwuliza. Akina mama wa Msambweni walilipa karo ya heshima ya namna hiyo, nami sioni sababu ya sisi kuilipa mara ya pili.

Najua mapendekezo haya yananibana mimi mwenyewe kwanza. Sawa tu. Mkinipa ufunguo mmoja kati ya mitatu nitalala usingizi, na nyinyi mtalala. Basi mkutano mkuu ukiitishwa msikose kuja, na mje na maswali.